Kwa nini video sasa inatoka Jumamosi

Mugonile watu wa Tukuyu, shikamooni wakubwa, na wengine mambo vipi. Wengi mmeuliza kwenye komenti kwa nini siku hizi video inatoka Jumamosi badala ya Jumapili. Kuna walioshaamua kwamba nimepata bwana wa Kizungu kanibana. Hapana jamani. Ni jirani.

Niko Uholanzi, hilo mnalijua, ila sijawahi kuwaeleza vizuri ni upande gani. Mkisikia Uholanzi mnawaza Amsterdam na mambo yake. Mimi niko Veluwe, kwenye misitu, katikati ya kile wanachokiita wenyewe Ukanda wa Biblia, unaoanzia Zeeland kusini-magharibi ukakata nchi mshazari hadi Staphorst. Watu wa huku ni Wakalvini wa kale, yaani Waprotestanti wanaoamini kwamba Mungu mwenyewe ndiye anachagua nani ataokoka. Kanisani wanaimba Zaburi kwa kinanda, polepole, kila noti inavutwa kama mtu anayepanda Mlima Rungwe na gunia la viazi. Biblia yao ni tafsiri ya mwaka 1637. Wanawake kofia na sketi. Ibada mara mbili kila Jumapili, na mahubiri yakikolea unasikia peremende zinapitishwa benchi zima. Nadhani bila peremende hizo ibada haihesabiki.

Sasa mimi Jumapili ndiyo nilikuwa natoa kamera bustanini, napiga stori na nyie. Jumatatu moja mzee jirani, wa miaka themanini na kitu, akaja na mayai. Tukaongea mayai, tukaongea kuku, tukaongea mvua. Anataka kuondoka ndipo akauliza: "Jana ulikuwa unafanya kazi?" Nikamwambia hapana, nilikuwa naongea na watu wa nyumbani. "Wanakulipa?" Nikasema wao hapana, ila YouTube wananipa visenti. "Basi ilikuwa kazi." Akaenda zake. Hajalirudia neno hilo hadi leo, na mayai bado analeta.

Nikasema ngoja nilisome gazeti lao, nijue hawa watu wanaamini nini. Nikafungua tovuti, imefungwa. Kumbe siku yenyewe Jumapili! Gazeti la kila siku linafunga mlango wa intaneti hadi Jumatatu. Na chama chao cha siasa, SGP, tovuti yake vilevile. Hapo nikawavulia kofia. Mtu akifunga cha kwake na hasara akaila mwenyewe, utamwambia nini?

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, kwa hiyo naingia ndani kabisa. Nyumba nyingi ninazoingia hazina televisheni. Chakula kikiisha hakuna anayeinuka: baba anafungua Biblia, anaendelea pale walipoishia jana, hata kama ni yale majina ya Mambo ya Nyakati ambayo mimi huwa naruka. Kisha wanashukuru, ndipo vyombo vinatoka. Siku ya kwanza kuona hivyo nilimkumbuka baba yangu na kile kitabu cha Kimoravian cha neno la kila siku. Kwetu kilikuwa juu ya kabati la vyombo. Sijui tuliacha mwaka gani.

Lakini nisiwadanganye, kuna uzito ndani ya imani hii. Bibi mmoja ninayemwogesha amekwenda kanisani tangu utoto wake, na hajawahi kushiriki Meza ya Bwana hata mara moja. Hajafungiwa na mtu. Anasema hana uhakika kama Mungu amemchagua. Na si yeye peke yake. Kwenye makanisa yao makali zaidi wanaosogea mezani ni wachache, wengine mamia wanabaki wamekaa. Kwetu asiyeshiriki tunajua ana kesi na wazee wa kanisa! Nikamwambia, bibi, Yesu ameshalipa. Akanitazama kwa huruma, kama vile mgonjwa ni mimi.

Na chanjo. Baadhi yao hukataa, wanasema afya iko mkononi mwa Mungu, na wanakupa Mathayo 9:12, wenye afya hawahitaji tabibu. Mwaka 1992 hadi 1993 polio ikapita humu humu, watu 71 wakaugua, wawili wakafa. Ulaya hii, mwaka ambao sisi kule tulikuwa tunapangwa foleni kliniki. Hapo siwaelewi na sitajaribu.

Siasa yao nayo ina mambo. SGP imeanza 1918, iko bungeni tangu 1922, viti viwili, vitatu kati ya 150. Kwa miaka mingi mwanamke hakuruhusiwa kugombea kupitia chama hicho, hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi ikasema mwaka 2010 kwamba serikali haiwezi kuliacha hivyo. Kanuni ikalegezwa 2013, na 2014 mwanamke wao wa kwanza akaingia baraza la mji wa Vlissingen. Mama yangu ni mzee wa kanisa Rungwe. Nilipomhadithia akacheka mpaka simu ikakatika.

Ila kinachoninyima raha ni maduka. Sheria ya hapa inaziachia halmashauri kuamua kama maduka yafunguliwe Jumapili, na madiwani wa kijijini kwetu wameamua yafungwe. Yote. Mwenye duka la mboga ni Mturuki, Mwislamu, siku yake ni Ijumaa. Anafunga Jumapili kwa ajili ya ibada isiyo yake.

Sasa nikumbusheni. Mtu akikamatwa Zanzibar kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani, Wakristo wa bara tunasemaje? Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga kelele. Nimeandika maposti, yapo, yatafuteni. Nikasema dini ni ya mtu, isiwe ya polisi. Haya, huku sheria imefuata dini yangu, na mimi nimeishi miaka minne nikiona ni utamaduni mzuri wa kupumzika. Miaka minne! Sijamuuliza yule Mturuki hata siku moja.

Juzi nikamuuliza. Akasema amezoea. Kisha akasema anayemuuzia mayai ni yule yule mzee jirani yangu, na mzee huyo Ijumaa mchana hamletei mzigo, anasubiri arudi msikitini. Hakuna diwani aliyepitisha hilo.

Kwa hiyo Jumapili sirekodi. Mzee hajanikataza, ameniuliza tu. Kwenye uchaguzi wa madiwani, sisi wageni tuliokaa miaka mitano tunaruhusiwa kupiga kura, na mimi mwakani nafikisha. Ya maduka nitaipigia upande wa Mturuki.

Jamani saa kumi na moja na nusu hii, duka linafunga saa kumi na mbili na sina hata kitunguu. Nakimbia.