Bunduki mpya ya kuwindia: ikague kabla hujatoka nayo dukani

Assalaam alaykum watazamaji wangu, karibuni tena barazani kwetu Makunduchi. Kabla jirani hajapiga simu polisi, tazameni vizuri hiki nilichoshika. Mti mtupu! Mtutu na kitako ni mwembe, kachonga seremala wa mtaani kwetu, na hili komeo la ubavuni kaling'oa kwenye mlango wa jikoni kwake, kaniazima. Bunduki ya kweli sina, wala hapa Unguja sina kazi nayo. Paa nunga tulionao ni wachache na ni wa kulindwa.

Lakini miaka kumi na moja nilikaa Bara, kwenye kambi ya uwindaji, kazi yangu kutunza bunduki za wageni na za kampuni. Na vijana wetu wanaokwenda huko kufanya kazi, wenye vibali vyao, wananiuliza swali lile lile: "Mzee, bunduki ni mpya, imetoka kiwandani kwenye boksi, nikague nini?" Leo nakuonyesheni.

Kwanza muelewe kiwanda kinafanyaje kazi, maana bila hilo hatua zangu zitaonekana ni wasiwasi wa mzee. Pale risasi inapokaa panaitwa chemba. Chemba inakatwa kwa chombo kama kekee yenye makali ubavuni. Chombo kikiwa kipya, chemba inatoka pana kidogo. Kinatumika, kinafifia, kinanolewa, na kila kikinolewa kinapungua unene. Kwa hiyo bunduki iliyokatwa siku chombo kilipoingia kazini na iliyokatwa siku ya mwisho kabla hakijatupwa hazilingani, ingawa zina jina moja na bei moja. Zote mbili zinaweza kuwa ndani ya kipimo kinachoruhusiwa. Moja inameza risasi kama maji, nyingine inataka kusukumwa. Muulize mama mkaanga maandazi: la kwanza na la mwisho si ndugu, na unga ni ule ule. Ndiyo maana mtu akiniambia "aina fulani ni nzuri" namjibu, hiyo uliyoishika wewe je?

Sasa tuanze. Hatua ya kwanza, hakikisha ni tupu. Vuta komeo, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, mpaka mwisho, tazama chembani kwa jicho, kisha ingiza kidole kidogo upapase. Tazama na magazini, kile kisanduku cha kuwekea risasi. Muuza duka akikwambia "tupu hiyo, nimeshaangalia", mwambie ahsante, na wewe uangalie tena. Mtutu uelekee pasipo mtu muda wote. Hata huu wangu wa mwembe, mnaona, sikuuelekeza kwa anayenirekodi.

Hatua ya pili, soma maandishi. Namba ya bunduki ilingane na ile ya kwenye karatasi zako, na kama komeo nalo limepigwa namba, zilingane pia. Komeo la bunduki moja halihamishiwi kwenye nyingine hivi hivi tu. Ufungaji wake unategemea chemba ile. Aina ya risasi iliyoandikwa kwenye mtutu uisome neno kwa neno, usimsikilize muuzaji.

Halafu tafuta mihuri midogo ya majaribio. Nchi nyingi za Ulaya ziko kwenye mkataba wa CIP, kamati ya kimataifa ya kupima usalama wa bunduki, iliyoanzishwa mwaka 1914 Ubelgiji. Huko kila bunduki ya aina hii inafyatuliwa kwa risasi ya majaribio yenye mgandamizo unaozidi kiwango cha juu cha kawaida kwa asilimia 25, ndipo inapigwa muhuri. London wana nyumba ya majaribio tangu karne ya 17, Birmingham tangu 1813. Marekani hakuna sheria ya namna hiyo. Viwanda vinajipima vyenyewe kwa kufuata viwango vya SAAMI, chama chao cha tangu 1926.

Hapa ndipo watu wanapokosea, na mimi nilikosea miaka. Muhuri unasema bunduki haitapasuka usoni mwako. Hausemi kwamba inatoa ganda la risasi iliyokwishapigwa, wala kwamba inalenga. Ni mambo mawili mbali kabisa. Babu zetu waliziona bunduki za biashara zikishushwa bandarini hapa kwa maelfu karne ya 19, na gobore nyingi wakati ule hata hilo la kutopasuka halikuwa na uhakika. Tumepiga hatua, lakini muhuri si cheti cha kila kitu.

Hatua ya tatu, tazama ndani ya mtutu. Komeo likitoka lote, piga tochi upande wa chembani na uchungulie. Utaona mifereji inayozunguka. Iwe safi na ing'ae sawasawa mpaka mwisho. Ukiona mistari ya kukata inayokatiza mifereji, chombo kilikuwa butu. Geuza uangalie mdomo wa mtutu: ukingo wake ndio kitu cha mwisho kinachoigusa risasi, kikidhurika upande mmoja risasi inasukumwa pembeni. Pitisha pamba kavu pale mdomoni. Ikinasa nyuzi mahali, pana mkwaruzo.

Hatua ya nne, kitako. Chukua noti ya shilingi elfu moja, iwe mpya, ipitishe kati ya mtutu na mti kutoka mbele kurudi nyuma. Bunduki nyingi za kisasa zinatengenezwa mtutu usiguse mti. Noti ikikwama upande mmoja, mti unaegemea mtutu. Nyinyi watu wa visiwani hamna haja ya kufundishwa hili: mlango uliofunga vizuri kaskazi unakwama masika. Mti unavimba. Kitako kikivimba kikausukuma mtutu, ulipolenga jana sipo inapokwenda leo. Fundi mzuri anakwangua mti kidogo na kuupaka vanishi ndani kote, kazi ambayo viwanda vingi huiruka kwa kuwa haionekani. Vitako vya plastiki ngumu havivimbi, ila na vyenyewe vipitishie noti, maana vyepesi vyake hupinda ukivibana mkononi.

Hatua ya tano ndiyo nitakayokaa nayo, komeo na kucha yake. Kucha ni kile kipande cha mbele ya komeo kinachokamata tako la ganda na kulivuta nje. Twende na risasi za bandia, zile za kufanyia mazoezi zisizo na baruti, nne au tano. Zipakie kwenye magazini na uziingize moja moja: polepole, haraka, bunduki ikiwa imelala ubavu, imeinama, imeinuka. Mara hamsini. Ndiyo, hamsini, na muuza duka akinuna mwache anune.

Niwape kisa. Kambini ililetwa bunduki mpya ya .375, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi, ndiyo ukubwa wa chini unaotakiwa Tanzania kwa nyati na wanyama wa hatari. Nzuri, mti unang'aa kama samli. Kiwanda sikitaji. Tulipiga risasi tatu kwenye karatasi, zikakaa pamoja, tukaridhika. Siku ya nne nyati kajeruhiwa, kaingia kichakani, mwindaji kavuta komeo, na ganda limebaki chembani. Kucha ilikuwa na ufa, ikakatika ncha. Mwenzake alikuwa na bunduki nyingine, ndiyo maana leo nakisimulia kisa hiki nikiwa nacheka. Ufa ule ungeonekana kwa lenzi ya kusomea Msahafu ya marehemu babu yangu. Basi chukua lenzi, itazame kucha pembe zote.

Kucha ziko za namna mbili. Kubwa ya ubavuni, ya mtindo wa Mauser wa 1898, inaishika risasi tangu inapotoka magazini mpaka inapotupwa. Ndogo inaishika risasi ikiwa imeshafika chembani tu, na ni rahisi kutengeneza. Winchester, kiwanda cha Marekani, walianza bunduki yao ya Model 70 mwaka 1936 kwa kucha kubwa, mwaka 1964 wakabadilisha kupunguza gharama, wateja wakalalamika, na miaka ya 1990 kucha kubwa ikarudi. Mie kwa nyati nataka kubwa. Kwa swala, yoyote itakutosha.

Hatua ya sita, kifyatulio na usalama. Bado ni tupu! Weka usalama, ile swichi ya kuzuia bunduki isifyatuke, vuta kifyatulio kwa nguvu, kiachie, sasa toa usalama bila kugusa kifyatulio. Ukisikia "tak", irudishe dukani hapo hapo. Kisha funga komeo kwa nguvu mara kumi, ugonge kitako kwenye mkeka wa mpira. Pini, ile inayogonga tako la risasi, isianguke hata mara moja. Msinione mkali. Mwezi wa Aprili 2014 Remington, kiwanda kingine cha Marekani, waliwaita wenye Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006, wazirudishe, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kuifanya bunduki ijifyatue. Tone la gundi tu. Kwa hiyo ukishanunua, angalia tovuti ya kiwanda kwa namba ya bunduki yako.

Nafasi kati ya komeo na tako la risasi usiipime kwa kubahatisha. Kuna vipimo vya chuma, kimoja komeo lifunge, kingine likatae. Mpelekee fundi mwenye leseni, kazi ya dakika tano.

Hatua ya saba, uwanja wa shabaha wenye kibali, huko huko Bara. Piga tatu mtutu ukiwa baridi, uache upoe kabisa, piga tatu nyingine kwenye karatasi ile ile. Watu wanapiga kumi mfululizo mtutu ukiwa moto, wakati mnyama utampiga na risasi ya kwanza. Mita 100, matundu yakikaa ndani ya sentimita 5 kwa .375 mimi sina neno. Kundi la pili likihamia kando, rudi kwenye hatua ya noti.

Jambo dogo la mafuta, kwa sababu nimeliona kwa macho yangu: msipake mafuta ya nazi ndani ya komeo! Hapa kwetu ni maji, lakini chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda. Asubuhi ya Ngorongoro pini inakwenda kama inatembea kwenye uji. Tumieni mafuta ya bunduki, kidogo, na mkirudi visiwani mpanguse kila wiki. Chumvi ya hewa yetu haichelewi.

Ukikuta kasoro, usiguse kitu. Usipige tupa, usifungue skurubu. Chukua karatasi za shabaha, maganda yaliyokwama na picha za kucha, uvipeleke dukani vyote pamoja na bunduki. Ukishaipiga tupa wewe, watasema umeiharibu wewe.

Haya, seremala amesimama pale mlangoni ananitolea macho. Jikoni kwake paka wameingia, anataka komeo lake.