Usingizi Unapopotea kwa Kuacha Dawa za Sonona

Wazee wangu, mabibi na mabwana, asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru kwa kuja na joto hili la kaskazi. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilizungumzia jambo hili, nami nitalirudia mpaka lisikike, kwa sababu wiki iliyopita tu alinijia kijana aliyeacha vidonge vyake Jumatatu, na kufikia Alhamisi akawa ameamini kwamba anarukwa na akili. Sitaeleza sonona ni nini, wala kwa nini watu hupewa dawa. Mkoa wetu huu wa Tanga una hospitali ya Lutindi, kule milimani Korogwe, ambako wagonjwa wa akili wanatunzwa tangu zama za Wajerumani. Hatuhitaji kufundishwa kwamba maradhi haya yapo. Ninalotaka mlishike jioni hii ni moja. Mtu aliyetumia dawa za sonona kwa miezi au miaka akianza kuziacha, kisha usingizi ukamtoka, mara nyingi mwili wake unamwambia kwamba anashuka kwa haraka mno. Asikimbilie kusema ugonjwa umerudi, na asikubali kuitwa teja.

Kuna mama mmoja wa Ngamiani, mshonaji, ambaye ameniruhusu nimsimulie bila kumtaja jina. Alikuwa akimeza amitriptilini, vidonge vitatu vya miligramu 25 kila usiku, kwa miaka mitatu tangu alipofiwa na mwanawe. Alikuwa ametengemaa, alishona, alikula, alikwenda harusini akacheza. Siku moja shoga yake akamwambia kwamba vidonge vya namna ile humgeuza mtu teja, naye kwa hofu akaviacha vyote siku hiyohiyo. Usiku wa kwanza alilala mang'amung'amu. Usiku wa pili hakulala kabisa: alitokwa na jasho hadi shuka likalowa, tumbo likamchafuka, na kila alipofumba macho dakika mbili tatu aliona ndoto kali zilizomgutusha. Usiku wa tatu, aliniambia, aliisikia adhana ya alfajiri kutoka misikiti minne, mmoja baada ya mwingine, na ilipoanza ya nne akalia, kwa sababu alijua kuwa kumekucha na yeye hajalala. Asubuhi hiyo, kwenye gauni la bibi harusi, alishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Akaufumua, akaushona tena palepale pasipo pake.

Alipofika kwangu alifungua pindo la kanga, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa, na ndani yake mlikuwa na vidonge kumi vya valiamu, dawa ya kutuliza na kulaza, alivyouziwa dukani bila cheti na bila swali hata moja. Akasema, "Sista, ugonjwa umenirudi, tena umerudi na wenzake." Nikamuuliza maswali mawili tu: umeacha dawa lini, na usingizi umepotea lini? Zilikuwa zimepita siku nne kwa lile la kwanza, na tatu kwa hili la pili.

Ndugu zangu, hesabuni siku. Nawaomba sana, hesabuni siku kabla ya jambo lingine lolote. Sonona inaporudi, kwa kawaida hunyemelea kwa wiki na miezi: moyo huanza kuwa mzito, mtu hukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, na usingizi huharibika pamoja na hayo. Adha ya kuacha dawa huingia ndani ya siku chache, tena huja na dalili ambazo sonona yenyewe haikuwa nazo, kama vile kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, na mishtuko kichwani ambayo wagonjwa huifananisha na kupigwa na umeme. Na dozi ikirudishwa, mara nyingi hutulia ndani ya siku chache. Huyu mama, baada ya daktari kumrudishia dozi yake, alilala usiku wa pili yake. Ugonjwa uliorudi haurudi ulikotoka kwa siku mbili.

Wapo wanaoambiwa kwamba ndoto zile ni majini. Sibishani na imani ya mtu, ila ndoto iliyoanza siku ya pili baada ya kuacha vidonge ina sababu iliyo karibu zaidi. Dawa nyingi za sonona hupunguza ile sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi, na zinapoondolewa sehemu hiyo hurudi kwa kishindo. Amitriptilini ina lake la ziada, kwa kuwa huzuia histamini na asetilikolini, kemikali mbili ambazo, pamoja na kazi nyingine, huuweka ubongo macho. Mwili uliosukuma mlango uliofungwa kwa miaka mitatu, mlango ukifunguliwa ghafla, lazima uanguke kifudifudi.

Sasa nifike kwenye chumvi, na wanaonijua wanajua kwamba hapa nitakaa. Chukua sufuria ya muhogo wa nazi uliotiwa vijiko vinne vya chumvi. Ukiwapikia wageni mwingine wenye vijiko vitatu, hakuna atakayeona tofauti. Ukiupika na viwili, huenda mmoja akainua uso. Lakini toka kwenye chembe ya mwisho uende kwenye kutotia kabisa, na sinia zima litarudishwa jikoni. Dawa hizi zinafanya kazi kwa namna hiyohiyo. Mwaka 2019 wataalamu wawili, Mark Horowitz na David Taylor, walieleza katika jarida la Lancet Psychiatry jinsi dozi inavyohusiana na nguvu ya dawa ndani ya ubongo. Dawa iitwayo sitalopramu, kwa dozi ya kawaida ya miligramu 20, hushika takriban asilimia 80 ya mahali inapofanyia kazi. Ipunguze mpaka miligramu 9, yaani chini ya nusu, na bado inashika kama asilimia 70. Mgonjwa ameondoa zaidi ya nusu ya kidonge chake na ubongo umepoteza kumi tu katika mia. Ndiyo maana anafurahi, anasema mbona rahisi, kisha anaacha kile kipande kilichobaki kwa siku moja, na ubongo unapoteza sabini kwa mkupuo. Halafu tunamwuliza kwa nini halali!

Kwa hiyo hatua za mwanzo zinaweza kuwa ndefu, na za mwisho lazima ziwe fupi, fupi kuliko apendavyo mgonjwa na, niseme wazi, kuliko tupendavyo baadhi yetu tunaoandika vyeti. Mwongozo wa Uingereza wa matibabu ya sonona, wa mwaka 2022, unaelekeza kwamba kila punguzo likokotolewe kutoka kwenye dozi iliyotangulia, na kwamba kazi hiyo inaweza kuchukua wiki au miezi. Mama yetu alitoka vidonge vitatu hadi viwili, kutoka viwili hadi kimoja, akitulia kila mara mpaka usingizi wake ukae sawa. Kutoka kimoja akaenda nusu, kutoka nusu akaenda robo, akivikata kwa wembe juu ya kibao chake cha kukatia vitambaa, baada ya mfamasia kuthibitisha kwamba vidonge vile vinakatika. Ile robo alikaa nayo muda mrefu kuliko dozi nyingine zote. Safari nzima ilichukua miezi tisa.

Mtanipinga mkisema kwamba fulani aliacha kwa siku moja na akalala usingizi wa pono. Ni kweli, wapo. Pengine alizitumia kwa wiki chache tu, au alikuwa anatumia fluoksetini, ambayo hutoka mwilini polepole mno, yenyewe na mabaki yake, kwa majuma kadhaa. Huyo dawa yake imejipunguza yenyewe. Hata hivyo, mtumiaji wa fluoksetini naye ajihadhari, kwa maana usingizi wake unaweza kuharibika wiki tatu au nne baada ya kidonge cha mwisho, wakati yeye amekwisha kusahau kwamba aliacha kitu. Msimuige mtu wa fluoksetini kwa kumeza siku moja na kuruka siku moja. Sertralini, dawa nyingine ya sonona, hupungua nusu mwilini kwa takriban saa 26, basi ukiruka siku, mwili unapanda na kushuka kila baada ya usiku mmoja.

Na valiamu je? Daktari akiamua kukupa kwa siku chache, hilo ni lake na anajua anachokipima. Ninachokikataa ni kile kipande cha gazeti kwenye pindo la kanga. Valiamu inazoeleka ndani ya wiki chache, na aliyeizoea akiiacha ghafla hukosa usingizi vibaya kuliko alivyoanza, na anaweza hata kupata degedege. Mtu aliyeogopa kuwa teja kwa dawa isiyomfanya teja anauziwa ile inayoweza kumfanya awe. Piritoni nazo, ambazo kila nyumba inazo, huleta usingizi kwa siku chache kisha mwili huzizoea, na kwa wazee wetu huvuruga akili na kuzuia mkojo. Hili linanikera, na sitaficha kwamba linanikera.

Nimetumia muda mwingi kwenye chumvi, kwa hiyo ya usiku wenyewe nitayapitia mbiombio. Lililo kubwa kuliko yote ni kuamka wakati uleule kila siku, hata kama ulipata usingizi wa saa mbili tu. Kwa hili sisi tuna bahati, kwani anayeamka kwa adhana ya alfajiri tayari ana saa isiyobadilika sana. Tatizo lake ni kurudi kulala baadaye hadi saa nne. Usiende kitandani saa mbili usiku eti kufidia. Subiri usingizi uje, kwa sababu anayekaa kitandani kwa muda wa saa tisa ili apate usingizi wa saa tano atazigaagaa zile nne zilizobaki, na kitanda kitamfunza kukesha. Ukiona umekaa macho kwa muda, inuka utoke kitandani, urudi macho yakiwa mazito. Mmarekani Richard Bootzin aliyaeleza haya mwaka 1972, na bado ndiyo matibabu tunayoanza nayo.

Mtaniuliza mtu atoke aende wapi, ikiwa nyumba ni chumba kimoja na watoto wamelala sakafuni. Kaa kwenye kigoda mlangoni. Keti kwenye mkeka upande wa miguuni, mgongo ukutani, taa ikiwa imezimwa na simu ikiwa mbali. Lililo muhimu ni kwamba kichwa kisiwe juu ya mto huku kinahesabu madeni.

Kuhusu kailula, ule usingizi mfupi wa mchana, najua kuna watakaosema kwamba nawakataza sunna. Siwakatazi, nasema iwe kabla ya adhuhuri au mara baada yake, iwe kama dakika 20, na mtu aamshwe. Kahawa ya barazani baada ya isha nayo iachwe kwa miezi hii ya kupunguza, kwa kuwa kahawa uliyokunywa saa mbili usiku, ikifika saa saba nusu yake ingali mwilini. Kashata kula.

Nilikusudia kuwazungumzia wajawazito na wanaofunga Ramadhani, lakini naona mwenyekiti ananitazama. Hao wanione mmoja mmoja, waje na vyeti vyao na vidonge vilivyobaki. Lakini hili siwezi kuliacha. Asiyelala na wala hachoki, anayezungumza bila kupumua, anayegawa mali yake na kupanga biashara kumi kwa usiku mmoja, huyo msimsubirishe mpaka kesho. Na anayekwambia saa nane ya usiku kwamba angeona heri afe, kaa naye, ondoa dawa zote karibu yake, na kukicha, au hata kabla hakujakucha, mpelekeni hospitali ya Bombo mkiwa wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma.