Tulichangia Matofali, Sasa Tuchangie Ujuzi

BIBI SHAMBA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Bibi Shamba, na Mwalimu wetu wa hesabu yupo hapa kama kawaida. Leo tuko Mufindi na Njombe, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwenye miti na maparachichi. Tunajiuliza: inakuwaje mtoto anamaliza kidato cha nne katikati ya utajiri wote ule, halafu anapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua?

MWALIMU: Mimi simlaumu mtoto, Bibi Shamba. Hajaonyeshwa. Shamba la Miti Sao Hill lina zaidi ya hekta 130,000, serikali haina shamba la miti kubwa kuliko lile. Malori ya magogo yanapita mbele ya madirisha ya darasa kutwa nzima. Sasa muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu lile gogo linakwenda wapi, nani amelipima, nani ananoa msumeno utakaolipasua. Atakuambia "linakwenda kuwa mbao," basi. Kazi anazozijua ni ualimu, unesi na uaskari, kwa sababu watu wa kazi hizo anawaona.

BIBI SHAMBA: Hebu zitaje hizo asizozijua, maana hata baadhi ya wazazi wanaotusikiliza hawazijui.

MWALIMU: Kuna fundi wa kunoa na kunyoosha misumeno. Huyu akikosekana mashine inapasua mbao zenye mawimbi na nusu ya gogo inaishia kuwa vumbi na mabanzi. Kuna mwendesha tanuri la kukaushia mbao. Kuna mpanga madaraja ya mbao. Kuna wa kutia dawa nguzo za umeme, zile za mkaratusi. Kuna mpimaji wa miti iliyosimama. Na wewe una za kwako za parachichi.

BIBI SHAMBA: Ninazo, nitazifikia. Kwanza tulizungumze lile ulilonigusia kabla hatujaanza kurekodi, kwamba wananchi wanaitwa shuleni kwa shida tu.

MWALIMU: Ndiyo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zilijengwa kwa mikono ya wananchi. Wamama walibeba maji na mchanga, wababa walifyatua matofali, kila kaya ilitoa mchango. Sisi walimu tukaletwa, tukafungua milango, na tangu hapo mwananchi anaitwa shuleni akidaiwa mchango au mtoto wake akifanya kosa. Pale kijijini yupo mama mwenye kitalu cha miche 10,000. Yupo mzee aliyefanya kazi ya msumeno tangu ujana wake. Hajawahi mtu kumwambia, "Mzee wetu, njoo Ijumaa uwaeleze watoto unachokijua." Tumechukua nguvu zao, ujuzi wao tumeuacha mlangoni.

BIBI SHAMBA: Mwalimu, hapo kuna mtu atasema habari hiyo ni ya zamani. Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliiandika mwaka 1967. Kila shule ikawa na shamba.

MWALIMU: Na wazo lilikuwa sahihi kabisa. Alitaka shule iwe sehemu ya kijiji, mtoto ajifunze kwa kufanya na kwa kupanga. Lakini mahali pengi lilibaki jembe peke yake. Mtoto alilima, hakuulizwa kwa nini mstari huu umeota na ule haukuota, na hesabu za mavuno hakuziona. Palilimwa kama adhabu. Ndiyo maana wazazi wengi leo ukiwaambia "kazi za mikono" wanakunja uso. Wana haki.

BIBI SHAMBA: Sasa mtaala mpya umerudisha mlango huo. Tangu Januari 2024 kidato cha kwanza kina mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Wa amali anasoma fani pamoja na masomo ya kawaida. Wasiwasi wangu ni vifaa. Shule ya kata isiyo na maabara itapata wapi karakana?

MWALIMU: Kijijini! Karakana ipo kijijini tayari. Hapo ndipo ushirikiano unapokuwa jambo la lazima. Mwenye kiwanda kidogo ana mashine, shule ina mwalimu wa fizikia, halmashauri ina afisa misitu, na pale Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, kilichotokana na mradi wa Panda Miti Kibiashara wa Tanzania na Finland. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nao wana utaratibu wa uanagenzi pacha: mwanafunzi anakuwa chuoni kwa kipindi fulani na kiwandani kwa kipindi fulani. Tunachokosa ni mtu wa kuwakalisha hawa wote meza moja.

BIBI SHAMBA: Nipe mfano wa darasani. Tusibaki juu juu.

MWALIMU: Haya. Mkulima wa paina anauzaje miti yake? Mnunuzi anakuja, anatembea shambani, anasema "shamba lote nakupa hela kadhaa." Mzee anakubali, kwa sababu ada ya shule inadaiwa. Ameuza kwa macho, na macho yaliyotumika ni ya mnunuzi. Sasa mtoto wa huyo mzee ana mkebe wa hesabu begini. Ndani mna kipimapembe cha plastiki. Mwambie afunge mrija wa soda kwenye upande ulionyooka, atundike uzi wenye nati katikati. Akiupandisha mrija, uzi unaonyesha pembe.

BIBI SHAMBA: Aangalie kileleni.

MWALIMU: Aangalie kilele cha mti kupitia mrija, arudi nyuma taratibu mpaka uzi ulale kwenye nyuzi 45. Apime kutoka aliposimama hadi kwenye shina. Kama ardhi ni tambarare, umbali huo ukijumlisha kimo cha macho yake ndio urefu wa mti. Mita 18, ongeza moja na nusu, mti una mita 19.5. Halafu azungushe utepe wa fundi cherehani kwenye shina, mita 1.3 kutoka chini. Sentimita 94? Gawanya kwa 3.14, kipenyo ni kama sentimita 30. Hapo ana silinda. Na kwa kuwa mti huchongoka kwenda juu, ujazo wa kweli wa paina ni kama nusu ya silinda hiyo au pungufu kidogo. Mti ule una kama mita za ujazo 0.6. Apime miti michache kila kona ya shamba, atafute wastani, azidishe kwa idadi ya miti.

BIBI SHAMBA: Na baba yake akiwa amesimama pembeni anasikiliza.

MWALIMU: Ndilo ninalolitaka! Baba akae pale. Siku nyingine mnunuzi akija, mazungumzo yanaanzia kwenye mita za ujazo. Trigonometria ile ile niliyokuwa naifundisha ubaoni watoto wakisinzia. Na mtoto ameshaonja kazi ya upimaji misitu, yenye cheti na stashahada yake katika Chuo cha Misitu Olmotonyi kule Arusha, na shahada pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro.

BIBI SHAMBA: Nifuate na mimi kwenye parachichi. Njombe, Rungwe na Mufindi wanalima parachichi aina ya Hass kwa soko la nje. Novemba 2022 Tanzania ilisaini na China makubaliano ya kuuza parachichi huko, kwa hiyo masharti ya ubora ndiyo yanazidi kukaza. Hass halibadiliki rangi likikomaa mtini, utadanganyika ukitumia macho. Kinachopimwa ni ukavu. Unachukua nyama ya tunda, unaiparuza nyembamba, unapima gramu 100, unaikausha mpaka uzito usipungue tena, unapima upya. Wanunuzi wengi wanataka zibaki gramu 21 hadi 24, kutegemea soko. Zikibaki 17, tunda halijakomaa. Likifika Ulaya litanywea badala ya kuiva, na kontena zima litakataliwa.

MWALIMU: Hilo ni zoezi la kemia na asilimia kwa pamoja.

BIBI SHAMBA: Na linahitaji mizani ndogo na jiko. Shule ikilifanya kila wiki msimu wa mavuno unapokaribia, ikabandika matokeo kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, mkulima hatavuna matunda mabichi kwa kukimbilia hela. Kuna kubebesha pia. Mche wa kienyeji unaota, unaukata, unapasua katikati, unachonga kikonyo cha Hass kama ncha ya kabari, unakichomeka ili maganda yagusane, unafunga na nailoni. Ganda lisipogusana na ganda, kikonyo kinakufa. Wapo kina mama wa vitalu wanaobebesha kwa kasi ambayo mimi mwenye stashahada siifikii. Hao ndio nataka wasimame mbele ya darasa.

MWALIMU: Tuliseme na la usalama kwa nguvu. Kuna watu watasikia "wanafunzi waende viwandani" wakaona wamepata vibarua wa bure. Haiwezekani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari. Zile mashine za dingdong, mashine ndogo za kupasulia mbao, zina msumeno wa duara ulio wazi. Mtoto hasogei pale. Anajifunza kupima, kupanga madaraja, kutunza daftari la mauzo, kitalu, hesabu za mafuta ya mashine. Na makubaliano yaandikwe: siku gani, saa ngapi, mwalimu gani anafuatana nao, watajifunza nini.

BIBI SHAMBA: Na wasichana wasigawiwe kitalu tu huku wavulana wakipelekwa kwenye tanuri na umeme. Nimeliona hilo na linaniuma. Nami nawakumbuka waliokwisha kutoka shuleni. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi viko 54, vilianza mwaka 1975, na vingi vina sehemu ya kulelea watoto ili mama kijana asome. Shule ya kata na chuo kama hicho vikiwa wilaya moja na havijuani, ni hasara.

MWALIMU: Kuna mzazi mmoja aliniambia, "Mwalimu, sikumsomesha mwanangu ili arudi kushika jembe." Nilimwelewa. Anaogopa mwanae atafungiwa kijijini wakati wa mjini wanakwenda chuo kikuu. Ndiyo maana sikubali mpango wowote usioonyesha ngazi nzima. Mtoto aone anayebebesha miche, aone na mtaalamu wa kituo cha kufungashia, aone na mhandisi aliyefunga vyumba vya baridi. Wote hao wanahitajika Njombe. Wengi wanaletwa kutoka mbali kwa sababu sisi hatukuwaandaa wa kwetu.

BIBI SHAMBA: Mkuu wa shule anayetusikiliza, asiye na bajeti, aanzie wapi?

MWALIMU: Awatume wanafunzi. Kila mmoja aandike kazi tatu zinazofanyika kwao ambazo si za ofisini: nani anafanya, alijifunzia wapi, anakwama wapi. Wakirudi una orodha ya watu na orodha ya matatizo. Ipeleke kwenye bodi ya shule, kisha kwa mtendaji iingie kwenye ajenda za mkutano mkuu wa kijiji. Anza na watu wawili, wasizidi.

BIBI SHAMBA: Na yule mzee wa msumeno tunamlipa nini? Maana kumwita bure kila mara nako ni kumnyonya.

MWALIMU: Kuna jambo lenye thamani kwake kuliko posho. VETA wana urasimishaji ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anatathminiwa, anaongezewa pale panapopungua, anapewa cheti. Wengi hawajui, au wanaogopa fomu. Shule imsaidie kujaza, imfuatilie mpaka cheti kitoke.

BIBI SHAMBA: Na akitaka mtaji, au wahitimu wetu wakitaka, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vinakwamia kwenye andiko la mradi. Mwalimu wa biashara na kidato cha nne wake wanaweza kukaa na kikundi wakaliandika pamoja, kwa bei za kweli za miche na nailoni.

MWALIMU: Hilo nalichukua. Nitalipeleka kwa mwenzangu wa biashara Jumatatu.

BIBI SHAMBA: Wiki ijayo tutakuwa na mwendesha tanuri la mbao, atueleze kwa nini mbao mbichi inapinda. Tutumieni maswali yenu mapema. Kwaherini.