Kilima cha Jirani Kinavyotesa Mapaja

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tuiache milima ya kusafiria. Tuna kile kilima unachokiona dirishani kila asubuhi, mita 200 hivi, na hujawahi kukikanyaga.

BARAKA: Na siku ukienda, unakidharau. Hapo ndipo kinapokupata.

ZUHURA: Kinanipataje, kaka? Si saa moja tu nimeshafika?

BARAKA: Kufika utafika, dada. Shida ni zile dakika kumi za mwanzo. Mtu ametoka nyumbani, mwili haujachangamka, anauvamia mwinuko kwa kasi. Katikati ya njia yuko hoi, anasema hana pumzi. Pumzi anayo, kaimaliza mapema! Anza taratibu mpaka uone aibu.

ZUHURA: Mimi napima kwa maongezi. Sentensi ikinikatikia njiani, napunguza mwendo.

BARAKA: Safi. Kuhusu muda wa safari, kuna kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo njia ya kilomita 2.5 inayopanda mita 200 ni dakika 50.

ZUHURA: Huyo bwana alikuwa na miguu ya mbuzi. Mimi na picha zangu, saa na robo.

BARAKA: Picha hakuzihesabu. Wala matope.

ZUHURA: Sasa nieleze, mbona napanda vizuri tu, halafu kesho yake mapaja hayagusiki?

BARAKA: Ni kushuka huko! Misuli ya mbele ya paja ndiyo breki yako. Inakaza huku inavutwa, nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Maumivu yanachelewa, siku ya kwanza au ya pili ndiyo unashuka ngazi kinyumenyume. Lakini ukirudi wiki inayofuata yanapungua sana, maana misuli imeshazoea. Kwangu mimi ndio utamu wa kilima cha karibu: unaweza kurudi.

ZUHURA: Na kucha za miguu, jamani?

BARAKA: Zikate kabla hujatoka. Halafu ukiwa kileleni, kabla ya kushuka, funga kamba za viatu upya. Kaza pale mbele ya kifundo, kisigino kisicheze. Ukiacha zimelegea, mguu unateleza mbele na kidole gumba kinagonga kiatu kila hatua.

ZUHURA: Penye changarawe juu ya udongo mgumu?

BARAKA: Hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo. Jiwe ulijaribu kwanza kwa mguu, ndipo ulipe uzito.

ZUHURA: Msikilizaji anauliza kama fimbo ni lazima.

BARAKA: Kwa kilima hiki, hapana. Ila kama magoti yanakusumbua, beba mbili, uzirefushe kidogo wakati wa kushuka.

ZUHURA: Mbili? Watadhani naenda Himalaya!

BARAKA: Waambie utarudi kabla ya chakula cha mchana.