Kumtoa Mtu Mzima Ukurasani

Habari za mchana, na asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nieleze jinsi siku ya mwandishi wa riwaya za vijana inavyokwenda. Naona baadhi yenu mmeshika kalamu, kwa hiyo niwaambie mapema: siku yangu haina maajabu. Naamka, nasoma nilichoandika jana, nafuta nusu yake.

Ninachofuta ni mtu mzima.

Wiki iliyopita nilikuwa na msichana wa miaka 16 aliyegombana na rafiki yake wa tangu utotoni. Nikaandika kwamba aliondoka pale akijua urafiki nao una msimu wake. Nikajipongeza, nikaenda kulala. Asubuhi nikaisoma sentensi ile kwa sauti, maana nasoma kila kitu kwa sauti, na nikaona aibu nikiwa peke yangu chumbani. Hakuna binti wa miaka 16 anayelijua hilo saa ileile rafiki anapompa kisogo. Anayelijua ni mimi, mtu wa makamo, mwenye mgongo unaouma. Yeye anachojua ni kwamba kesho ataingia darasani na hana wa kukaa naye. Nikaifuta. Mahali pake nikaweka dawati la watu wawili na begi lililowekwa upande wa pili, ili ionekane kama kuna mtu anakuja.

Wapo wanaodhani riwaya ya vijana ni riwaya ya wakubwa iliyopunguzwa makali. Kifo kimo, mapenzi yamo, umaskini umo. Tofauti ni mahali anaposimama msimulizi. Mtu mzima anayesimulia ujana wake anatazama nyuma, tayari anajua mambo yaliishaje. Kijana hajui kama yataisha. Ndiyo maana wengi wetu tunakimbilia nafsi ya kwanza. S. E. Hinton wa Marekani alianza kuandika riwaya yake ya kwanza akiwa na miaka 15, ikachapishwa mwaka 1967 akiwa na 18. Yeye hakuwa na mtu mzima wa kumtoa. Sisi wengine tunamchota kwa kijiko, siku baada ya siku, na usiku anajaa tena.

Hesabu yenyewe ni fupi. Riwaya nyingi za vijana zina maneno kati ya 50,000 na 80,000. Mimi naandika 500 kwa siku, kabla ya kwenda kwenye kazi inayonilisha. Kwa mswada wa maneno 60,000, hizo ni siku 120, na ni rasimu ya kwanza tu. Riwaya zangu za mwisho nilizichapa upya mara nne. Kuhusu mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo ya kitabu, unakuja kwa msimu kama mvua, na kama mvua usiupangie harusi.

Sasa lugha, maana najua mtauliza. Nilipoanza nilikuwa nakaa karibu na vijana na daftari, nanukuu misimu yao. Ujinga mtupu. Tangu mchapishaji aukubali mswada hadi kitabu kifike dukani, mwaka mzima unaweza kupita, au miwili. Neno lililokuwa moto siku ile linafika limepoa, na msomaji analicheka. Siku hizi nasikiliza kitu kingine: namna wanavyokwepa swali. Muulize kijana ametoka wapi, atakuuliza chaja iko wapi. Mwendo huo wa mazungumzo haupitwi na wakati.

Chaja imenikumbusha simu, adui wa msuko wa hadithi. Mhusika aliyepotea anafungua ramani, aliyesingiziwa ana picha ya ushahidi. Zamani nilikuwa nazima simu zao zote, betri zinakufa kila sura ya tatu, mpaka mhariri wangu akaandika pembeni: "Familia hii haina umeme?" Nikajifunza kuifanya simu iwe ndiyo shida yenyewe: ujumbe umesomwa, alama imeonekana, jibu haliji. Saa sita za kusubiri jibu zinatosha sura nzima.

Kuna sehemu moja ya siku nisiyoizoea. Jioni nasoma barua za wasomaji. Nyingi zinanidai mwendelezo, nyingine zinanisahihisha, na wana haki. Lakini mara mojamoja anakuja mtu wa miaka 13 anayeandika kwamba yaliyompata mhusika wangu ndiyo yanayompata yeye nyumbani, sasa hivi. Mimi si mshauri nasaha. Namjibu siku ileile, kwa ufupi: namwamini, kosa si lake, amtafute mtu mzima mmoja anayemwamini amweleze. Tazameni basi kichekesho cha kazi hii. Asubuhi nimeshinda nikiwafukuza watu wazima kitabuni, jioni namwomba mtoto atafute mmoja. Siku hizo maneno 500 ya kesho yake hayapatikani.

Niishie hapo nisiwachoshe, na nyumbani nimeacha kazi. Mvulana wangu wa sura ya 11 amejifungia chooni shuleni tangu Jumanne. Kila nikifungua faili, mkono unataka kumtuma mwalimu mpole akagonge mlango, na kila siku nimemfuta mwalimu. Jana nilimpa yule kijana mlango wenye kitasa kibovu. Mtu wa pale nyuma, naona umenyoosha mkono. Karibu.