Kijiji cha Simbi na Kisiwa cha Plato

MWALIMU: Haya, hapa ni Kisumu, mvua inapiga mabati. Tukisikika kama tunakaanga samaki, mtuwie radhi. Nyar Kendu, nyumbani kwema?

NYAR KENDU: Kwema, Mwalimu. Jumamosi nilipita Ziwa Simbi. Maji ya kijani vilevile, magadi yanakukaba pua. Mtoto wa kaka yangu akaniuliza, "Shangazi, mabati ya kile kijiji bado yako huko chini?"

MWALIMU: (anacheka) Ukamjibuje?

NYAR KENDU: Nilimpa kama nyanya alivyonipa. Ajuza anafika usiku, kijiji kizima kiko kwenye pombe na ngoma, wanamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye anayemlisha. Ajuza anamwambia: toka hapa, usingoje. Mvua ikashuka. Asubuhi, ziwa.

MWALIMU: Wanajiolojia wao wanasema ni shimo la mlipuko wa volkeno.

NYAR KENDU: Najua. Lakini mlipuko hauna mkosaji, na watu wanataka mkosaji.

MWALIMU: Basi wewe na Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ni ndugu. Karne ya 4 KK anaandika habari za Atlantis: watu matajiri, wakalewa ukubwa, bahari ikakimeza kisiwa kwa usiku na mchana mmoja.

NYAR KENDU: Na hapo ndipo watu hukimbilia kisiwa cha Thera, hiyo Santorini ya Ugiriki, wakisema ndiyo Atlantis.

MWALIMU: Ona hili andazi. (anabonyeza) Limevimba, ndani hewa tupu. Volkeno ikishatapika uji wake wa moto, chini panabaki uwazi, juu panaporomoka. Menengai pale Nakuru ilibonyea hivyohivyo, ila hapakuwa na bahari ya kuingia. Thera ilikuwa nayo. Karibu miaka 3,600 iliyopita, sehemu kubwa ya kisiwa ikaenda.

NYAR KENDU: Hilo andazi lilikuwa langu.

MWALIMU: Nitalilipa. Sasa, mji wa Akrotiri ukafukiwa na majivu. Spyridon Marinatos alipoanza kuuchimbua mwaka 1967, alikuta nyumba za ghorofa, michoro ukutani, mitungi ya akiba. Lakini maiti zilizofukiwa kama za Pompeii, ule mji wa Italia uliofunikwa na majivu ya volkeno? Hakuna.

NYAR KENDU: Walihama!

MWALIMU: Matetemeko yalitangulia, wakafungasha.

NYAR KENDU: Kumbe nao walikuwa na ajuza wao. Huyo alibisha hodi kwa kutikisa nyumba.

MWALIMU: Lakini sikubali kwamba Thera ndiyo Atlantis. Plato alikiweka kisiwa chake nje ya mlango wa Mediterania, miaka 9,000 kabla ya Solon, mtunga sheria wa Athene ya kale. Mahali hapalingani, hesabu hailingani.

NYAR KENDU: Mimi naona alitunga, awaseme Waathene kwa mafumbo. Ila bahari ile ina visiwa vya kuja na kuondoka. Kuna kile cha Sisilia...

MWALIMU: Ferdinandea! Kilizuka mwaka 1831. Uingereza, Ufaransa na ufalme wa Sisilia Mbili wakakigombania. Kufikia mwanzo wa 1832 mawimbi yalikuwa yamekimaliza. Kilikuwa majivu na changarawe tu.

NYAR KENDU: Bendera juu ya majivu! Hao wangemfukuza ajuza wetu kabla hajasema hodi.

MWALIMU: Na Plato hata hakumaliza hadithi. Zeus anaikusanya miungu, anafungua kinywa atoe hukumu, maandishi yanakatika papo hapo.

NYAR KENDU: Kwa nyanya yangu hakuna mtoto angelala usiku huo. Lete hilo andazi, hivyohivyo limebonyea.