Kompyuta isijiristati usiku kazi ikiendelea: Windows 11

Haya ndugu zangu, karibuni tena studio kwetu, Sinza. Leo tunaishughulikia ile kompyuta inayojizima na kujiwasha yenyewe usiku baada ya apdeti, ukija asubuhi unakuta kila ulichoacha wazi kimefungwa. Natumia Windows 11. Wenye Windows 10 mtafuata tu, menyu zinakaribiana, ila mjue msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Kabla sijagusa kitu: hatuzimi apdeti. Hatuzimi. Nimeletewa mashine nyingi ambazo fundi kaikata Windows Update kabisa, na inaniuma. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu dunia nzima na kudai pesa, wakati dawa yake Microsoft walishaitoa tangu Machi. Kwa hiyo apdeti iingie. Tunachotaka ni saa ya kuristati uipange wewe.

Settings, Windows Update, Advanced options. Hapo hakuna shida, twende. Unaona "Get me up to date"? Zima. Ikiwa imewashwa, mashine inaristati haraka iwezekanavyo, hata katikati ya muda wako wa kazi. Ile ya kukutaarifu kwamba kuristati kunahitajika, washa.

Sasa "Active hours". Hapa tutulie, tafadhali. Huu ndio muda unaoiambia kompyuta "niko kazini, usinizimie". Urefu wake ni jumla ya saa 18 tu, haikupi zaidi. Ikiwa imeandikwa "Automatically", badilisha iwe "Manually", halafu unaweka mwanzo na mwisho.

Kompyuta inasoma saa za Kizungu. Saa mbili asubuhi yetu kwake ni 8 AM. Saa nane usiku yetu kwake ni 2 AM. Mimi nilitaka kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane usiku, nikaweka 2 AM mpaka 8 PM. Hebu hesabu: na yenyewe ni jumla ya saa 18 kamili! Kompyuta ikaipokea bila neno. Usiku huo nilikuwa natoa video ya sendofu ya saa tatu nzima, faili limefika karibu na mwisho. Saa tano usiku ikaristati, maana kwa hesabu yake muda wangu wa kazi ulishaisha tangu saa mbili usiku. Bibi harusi alikuwa anaisubiri asubuhi. Nilianza upya.

Kwa hiyo weka 8 AM, mwisho 2 AM. Ukimaliza, isome kwa sauti: "saa mbili asubuhi, saa nane usiku." Kisha angalia tena hizo herufi, AM na PM. Mimi huangalia mara mbili kila mashine.

Ngoja. Ngoja kidogo. Mdogo wangu, sogeza kamera huku chini kulia. Mnaona? Saa ya hii mashine inasoma 11:40 PM, na sisi hapa jua limeshawaka. Hii ni laptopu iliyotumika, imetoka nje juzi, bado iko kwenye saa za Marekani. Saa ikiwa hivi, yote tuliyoweka pale hayana kazi, kwa sababu inafuata saa yake yenyewe. Turudi: Time & language, Date & time, kwenye "Time zone" chagua Nairobi, UTC+03:00. Usitafute Dar es Salaam kwenye orodha, tunatumia hiyo hiyo. Hapo, imekaa sawa. Sasa rudini "Active hours" mkaangalie tena. Ndiyo, tena.

Ukiwa na kazi ya kukesha inayovuka saa nane usiku, tumia "Pause updates". Unasimamisha kwa wiki moja moja, mpaka wiki tano. Zikiisha lazima uweke apdeti kwanza ndipo ikuruhusu kusimamisha tena.

Wenye Windows Pro mna njia nyingine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika gpedit.msc. Ikikuambia haipo, una Windows Home, usihangaike, yale ya mwanzo yanakutosha. Ingia Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Update, halafu "Legacy Policies". Tafuta sentensi ndefu inayoanza na "No auto-restart with logged on users". Iweke "Enabled". Lakini peke yake haifanyi kitu: ile "Configure Automatic Updates" nayo lazima iwe "Enabled" na uchague namba 4. Wengi wanaiacha hiyo, kisha wanasema njia hii haifanyi kazi.

Apdeti kubwa za kila mwezi hutoka Jumanne ya pili, kwetu inakuwa saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira ya kule Marekani. Ndiyo maana mimi hupenda kuristati mwenyewe Alhamisi jioni, wateja wakishaondoka. Laptopu zote tunazouza hapa zinatoka zikiwa zimepangwa hivi, hulipii.

Na hii hapa, angalieni, tayari ina apdeti inayosubiri. Hakuna faili lililo wazi, hakuna video inayotoka, chaji imejaa. Basi naibonyeza mwenyewe, "Restart now".